Kodi yenye kusamehewa ni feza yetu

Hotuba tuliyosoma mbele ya vijana, Lubumbashi



Sisi tunaosema hapa tulimaliza iniversite. Mumoja wetu alisoma informatiki, mwengine ekonomi, mwengine sheria. Lisanse zetu ziko kwenye ukuta nyumbani kwa wazazi, na mama anazipangusaka vumbi kila siku ya posho. Asubuhi tunauzaka inite, mangaribi tunafundishaka watoto wa majirani hesabu. Kwa hiyo tukisema juu ya kazi, tunasema juu ya kitu tunachokiamkia kila siku.

Miezi michache iliyopita walitualika kwa mukutano. Mukubwa mumoja (hatutataja jina yake wala ofisi yake) alituambia kama kuna kampuni ya teknolojia inayotaka kuja kufanya kazi hapa. Vijana watajibu simu, watatengeneza programu, watapanga data za makampuni ya ngambo. Akasema inabaki kitu kimoja tu: muji na jimbo vikubali kuisamehe kodi kwa miaka kazaa. Akamaliza hivi: "Ninyi mulisoma, munaelewa. Musiulize maulizo mingi, mutaifukuza."

Watu wakapiga makofi. Tuseme ukweli: hata sisi tulipiga makofi. Kiisha wakapitisha karatasi, tukaandika majina, diploma na namba za simu. Tuliporudi kwa miguu, mumoja wetu akauliza: "Lakini kodi yenyewe inayosamehewa ni ngapi? Na kazi ni ngapi?" Hakuna mutu aliyejua. Tulikuwa tumepigia makofi mapatano ambayo hatukuona hata namba moja ndani yake.

Kutoka siku ile tulianza kutafuta. Tulitaka kujua ginsi miji mingine ilifanya, ile iliyokubali kusamehe kodi ili ipate makampuni ya teknolojia. Leo tunakuja kuwaelezea kile tulichokuta. Hatukuja kusema kampuni isikuje. Tunataka ikuje. Tunataka tu tuwe tumefungua macho wakati mulango unafunguliwa.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Watu wanasemaka: "Kusamehe kodi si kutoa feza, juu ile feza haikuwa bado mu kasha." Wandugu, tuhesabu pamoja. Tuseme, kwa mufano tu, kampuni inapaswa kulipa dola 100,000 kila mwaka. Tunaisamehe kwa miaka 4. Hiyo ni dola 400,000 zisizoingia. Kama inaajiri watu 20, kila kazi imetugharimu dola 20,000. Kama inaajiri watu 200, kila kazi imetugharimu dola 2,000. Ni musamaha ule ule, lakini ni mapatano mawili tofauti kabisa. Na ile feza isiyoingia, kuna mutu ataitafuta fasi ingine. Mama anayeuza matomati, yeye hakuna mutu wa kumusamehe. Analipaka kodi ya soko kila siku, auze asiuze. Kwa hiyo kodi yenye kusamehewa ni feza yetu imetumiwa, hata kama haikupita mu mikono yetu.

Sasa twende Marekani, juu ni kule mambo haya yalionekana wazi, mbele ya dunia yote.

Mu Septemba 2017, kampuni Amazon ilitangaza kama inatafuta muji wa kujenga makao makubwa ya pili. Iliahidi kazi mupaka 50,000 na vitega-uchumi vya dola bilioni 5. Ikaambia miji: leteni mapendekezo yenu, na museme mutatupatia nini. Mapendekezo 238 yalitumwa kutoka Marekani, Kanada na Meksiko. Muji mumoja wa jangwa, Tucson, ulituma muti mukubwa wa kaktusi kama zawadi. Muji mudogo wa Stonecrest, mu Georgia, ulisema utakata sehemu ya udongo wake na kuipatia jina Amazon. Newark, mu New Jersey, pamoja na jimbo lake, uliahidi misamaha na misaada ya dola bilioni 7. Maryland iliahidi mupango wa zaidi ya bilioni 8. Na viongozi wengi wa miji walisaini karatasi za kutunza siri, ni kusema raia hawakujua ni nini imeahidiwa kwa jina yao.

Mu Novemba 2018 jibu likatoka. Amazon ilichagua fasi mbili: Long Island City ku New York, na Arlington mu jimbo la Virginia, pembeni ya Washington. Kila fasi iliahidiwa kazi 25,000. Newark na bilioni zake 7 haikuchaguliwa. Maryland na bilioni zake 8 haikuchaguliwa. Virginia, iliyopata, iliahidi milioni 550 kwa kuanzia. Aliyetoa zaidi hakushinda. Amazon yenyewe ilisema kitu cha kwanza ilichoangalia ni kama itapata watu wenye ujuzi wa kufanya kazi. Mukumbuke ile, tutairudilia.

Muangalie sasa ginsi ile miji miwili ilifanya, juu somo liko pale.

Ku New York, gavana Andrew Cuomo na meya Bill de Blasio walipatana na kampuni juu ya misamaha na misaada ya karibu dola bilioni 3. Mupango ulitengenezwa kwa njia ambayo baraza la muji halingeweza kuuzuia kama kawaida. Raia waliusikia wakati ulikuwa tayari. Wengine walifurahi, juu kazi 25,000 si muchezo. Lakini wengine wakauliza: juu ya nini tunasaidia moja ya makampuni tajiri zaidi duniani, wakati treni zetu za chini zinaaribika na feza ya kupanga nyumba inapanda? Na juu ya nini hatukuulizwa? Kelele zikawa mingi. Tarehe 14 Februari 2019 Amazon ikasema: tunaacha. Mupango wote wa Long Island City ukaanguka.

Watu wengi walilia siku ile kama kazi zimepotea juu ya maulizo. Ndiyo maneno ya ule mukubwa wetu: musiulize, mutaifukuza. Lakini mwisho wa mwaka ule ule, 2019, Amazon ilipanga nafasi kubwa ya ofisi ku Manhattan, mu muji ule ule wa New York, kwa wafanyakazi zaidi ya 1,500, bila ule mupango wa msaada. Tuseme haki: 1,500 si 25,000. Lakini inaonyesha kama kampuni ilikuwa na sababu zake za kuwa New York, na sababu ile haikuwa kodi peke yake.

Virginia ilifanya tofauti. Kwanza, jimbo liliahidi dola 22,000 kwa kila kazi, kwa zile kazi 25,000 za kwanza, na kazi ilipaswa kuwa na mushahara muzuri, kwa wastani dola 150,000 kwa mwaka. Na feza haitoki mbele. Kazi inaonekana kwanza, kiisha feza inafuata. Pili, wilaya ya Arlington yenyewe iliahidi kitu kidogo: sehemu ya kile kitakachoongezeka kwa kodi ya hoteli, ambayo ilikadiriwa kuwa karibu milioni 23 kwa miaka 15. Hoteli zisipojaa zaidi, haitoi. Tatu, na hii ndiyo inatugusa sisi wa iniversite: sehemu kubwa ya mupango ilienda kwa masomo. Virginia Tech ilitangaza kampasi mupya ya dola bilioni 1 karibu na pale, na jimbo likaahidi kuzalisha diploma za informatiki zaidi ya 25,000 za nyongeza mu miaka 20, kupitia iniversite zake mbalimbali.

Mu 2023 majumba ya kwanza ya Arlington yakafunguliwa. Mwaka ule ule kampuni ikasimamisha ujenzi wa sehemu ya pili, juu mambo ya teknolojia yalikuwa yamebadilika. Je, Virginia ilipoteza? Feza ya kazi ambazo hazijakuja haijalipwa. Na hata kama kampuni ingeondoka kesho, zile iniversite haziwezi kubebwa mu avion. Ndiyo tofauti kati ya kununua ahadi na kulipa kitu kilichofika.

Mufano wa pili ni wa muji wenyewe, San Francisco. Mu 2011 Twitter ilikuwa kampuni changa na ilisema itahama na kwenda muji mwengine wa karibu. San Francisco ilikuwa inatoza kodi ya asilimia 1.5 juu ya mishahara. Ni kodi ya ajabu kidogo: ukiajiri watu wengi, unalipa zaidi. Meya Ed Lee na baraza la muji wakapitisha sheria: kampuni itakayokaa mu sehemu ya katikati ya barabara ya Market na kartie ya Tenderloin, kartie ya masikini, haitalipa ile kodi juu ya wafanyakazi wapya kwa miaka 6. Twitter ikaingia pale mu 2012. Makampuni mengine yakafuata. Majumba yaliyokuwa matupu yakapata watu.

Sheria ile ilikuwa na mambo mazuri. Ilipigiwa kura wazi. Ilikuwa na mwisho: mu 2019 ikafika kikomo. Na makampuni makubwa yalilazimishwa kusaini mapatano na wakaaji juu ya kile watafanyia kartie. Lakini wakaaji wengi walilalamika kama ahadi zile zilikuwa nyepesi: chakula cha bure kidogo, masaa machache ya kujitolea, kompyuta za zamani. Na wakati ule ule feza ya kupanga nyumba ilipanda sana mu muji, na mutu asiyekuwa na mushahara wa teknolojia alisukumwa kando. Mu 2024 kampuni ile, inayoitwa sasa X, ikafunga ofisi zake za barabara ya Market na kuhamisha makao yake Texas. Ilikuja juu ya kodi, muji ukaisamehe, ikakaa miaka 12, ikaenda. Kampuni haina kaburi la babu mu muji. Iko na haki ya kwenda. Kwa hiyo sisi tunaobaki tunapaswa kuuliza: itatuachia nini?

Mufano wa tatu ni mufupi. Mu 2017 jimbo la Wisconsin lilipatana na Foxconn, kampuni ya Taiwan inayotengeneza vyombo vya elektroniki. Ahadi: kazi 13,000. Musaada: karibu dola bilioni 3. Kijiji cha Mount Pleasant kilinunua udongo, watu wakahama nyumba zao, kijiji kikaingia deni ili kujenga barabara na mifereji ya maji. Kiwanda kilichoahidiwa hakikujengwa vile kilivyochorwa. Mu 2021 mukataba ukaandikwa upya: kazi 1,454, musaada milioni 80. Jimbo liliokoka juu lilikuwa limeandika kama litalipa kazi ikionekana. Kijiji, kilichotoa feza mbele, kilibaki na deni. Ni inchi ile ile, kampuni ile ile, mwaka ule ule. Aliyelipa nyuma alipona, aliyelipa mbele aliumia.

Turudi sasa nyumbani. Mutu atasema: "Ile ni Marekani, wako na feza za kuchezea. Sisi tuko Lubumbashi." Ni kweli. Lakini misamaha ya kodi tunaijua hapa pia, hata kuliko wao.

Sheria ya vitega-uchumi ya 2002 ilipanga inchi katika sehemu. Kampuni iliyokubaliwa ingepata musamaha wa miaka 3 ku Kinshasa, miaka 4 mu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na miaka 5 mu sehemu zingine nyingi. Kwa kuomba, kampuni ilipaswa kuleta angalau dola 200,000. Kwa biashara ndogo, dola 10,000. Sasa mutuambie, kati yetu hapa, ni nani aliye na dola 10,000 za kuanzia? Vijana watatu wenye kompyuta mbili na wazo zuri walibaki inje ya mulango. Mu 2022 ilikuja sheria-amri ya kusaidia ujasiriamali na kampuni changa. Ni hatua. Lakini tuliuliza rafiki zetu wanaotengeneza programu mu chumba cha nyuma ya nyumba ni nani kati yao aliyepata faida yake. Walitucheka.

Mu 2008 Leta ilifanya mapatano na makampuni ya China, yaliyozaa Sicomines ku Kolwezi: shaba na kobalti kwa upande mumoja, barabara na hospitali kwa upande mwengine, na misamaha mikubwa ya kodi ndani. Mu 2023 wakaguzi wa Leta wa IGF walisema Kongo ilipata kidogo sana kulingana na kile ilitoa. Mu 2024 mapatano yakajadiliwa tena. Ilibidi miaka zaidi ya 15 ili inchi irudilie hesabu ambayo ingefanywa siku ya kwanza.

Na mukumbuke RAM. Mu 2020 Leta ilianza kukata inite mu simu zetu, mupaka dola 7 kwa mwaka kwa simu yenye kuingia vizuri intaneti. Kijana anayetafuta kazi kwenye intaneti alikatwa. Mama anayepokea feza kwa simu alikatwa. Raia walipiga kelele, wabunge wakauliza, na mu 2022 ikaondolewa. Wakati ule hakuna mukubwa aliyesema: tuwasamehe vijana kodi ya simu ili wapate kazi. Ndiyo maana masikio yetu yanaumaka kidogo tunaposikia kama kusamehe kodi ndiyo dawa ya shomaji. Dawa ile inatolewaka kwa nani?

Kuna jambo lingine ambalo muji wetu unapaswa kujua mbele ya kutoa. Katiba, mu kifungu 175, ilisema asilimia 40 ya mapato ya Leta yanayotoka mu jimbo yabaki mu jimbo, yakatwe palepale. Tangu 2006 hatujaona ile kutendeka sawa ilivyoandikwa. Feza inaenda Kinshasa kwanza, na kinachorudi kinarudi kidogo na kwa kuchelewa. Muji usiopata haki yake kutoka juu unategemea vile vikodi vya chini. Ukisamehe vile, unakata mukono unaobaki.

Sasa turudilie ile tuliyosema tutairudilia. Kampuni ya teknolojia inatafuta nini? Inatafuta watu wanaojua kazi, umeme usiokatika, intaneti ya haraka, na sheria isiyobadilika kila wakati mukubwa anabadilika. Hapa kwetu, tunaishi juu ya moja ya udongo tajiri zaidi duniani. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na inatoka hapa, Haut-Katanga na Lualaba. Inaenda mu betri za simu na za magari. Lakini sisi, ili kujaza betri ya simu, tunangojea umeme urudi saa sita ya usiku. Mumoja wetu alipata siku moja kazi ndogo ya kutafsiri kwa mutu wa ngambo. Umeme ulikatika siku mbili. Kazi ikaenda kwa mwengine. Hakuna kodi yoyote ingesamehewa ingeokoa ile kazi.

Kwa hiyo tukipewa kuchagua kati ya kusamehe dola 400,000 za kodi na kutumia dola 400,000 kwa kuweka umeme wa jua na intaneti mu nyumba moja ambamo vijana 100 wanaweza kufanya kazi, sisi tunajua tutachagua nini. Kampuni ikikataa kuja, nyumba inabaki. Kampuni ikikuja, inakuta watu tayari.

Tulipofika hapa mu mazungumuzo yetu, rafiki yetu mumoja alikasirika. Akasema: "Ninyi munaongea sawa watu waliokula. Mimi mama yangu anagonjwa. Kampuni ikuje leo, na kodi, bila kodi, mimi naingia." Tulinyamaza. Hatukuwa na jibu la kumushinda, na hatukutaka kumushinda. Iko na haki. Njaa haingojeaka ripoti. Lakini kiisha yeye mwenyewe akauliza: "Na kama mimi naacha kuuza inite, naingia, na kiisha miezi sita musamaha umeisha na wao wameenda?" Ndiyo ulizo letu. Mutu mwenye njaa ndiye anapaswa kuangalia vizuri zaidi sahani aliyoahidiwa, juu hana ingine.

Basi, tunaomba nini? Tunaomba mambo sita, na tunawaomba muyakamate mu kichwa.

Kwanza, sheria. Katiba, kifungu 174, inasema hakuna musamaha wa kodi isipokuwa kwa sheria. Hautolewi mu mukutano, hautolewi kwa simu, hautolewi mu ofisi mulango umefungwa. Tunaomba maandishi yatangazwe mbele ya kusainiwa.

Pili, hesabu. Iandikwe: kodi inayosamehewa ni ngapi, kwa miaka mingapi, kazi ni ngapi, na kila kazi inatugharimu ngapi. Karatasi moja inatosha.

Tatu, kazi mbele, musamaha nyuma. Kampuni inaajiri, inaonyesha, ndiyo inapunguziwa. Isipotimiza, inalipa kile ilisamehewa.

Inne, kazi ya kweli. Ihesabiwe tu kazi yenye mukataba, yenye mushahara ulioandikwa, na mutu amepelekwa kwenye CNSS. Staji ya miezi mitatu bila mushahara isiitwe kazi. Na iandikwe ni wangapi watatoka hapa, wanaume na wanawake.

Tano, tusisahau wadogo. Kile kinachopewa kampuni ya inje, kipewe pia vijana wa hapa wanaoanzisha yao, hata kama wako na dola 500.

Sita, mwisho na ripoti. Musamaha uwe na tarehe ya kuisha, na kila mwaka Bunge la jimbo lipewe ripoti ambayo raia yeyote anaweza kuisoma.

Hakuna kitu mu mambo haya sita kinachoweza kufukuza kampuni ya kweli. Virginia ilidai mengi ya haya, na Amazon ikasaini. Kampuni inayokimbia juu umeiuliza itaajiri watu wangapi, haikuwa na mupango wa kuajiri.

Katiba mu kifungu 36 inasema kazi ni haki na wajibu mutakatifu wa kila Mukongomani. Kifungu 27 kinatupatia haki ya kuandikia viongozi, mumoja mumoja ao pamoja. Kwa hiyo, kiisha hotuba hii, tutasoma kwa sauti barua ya kupeleka kwa gavana, kwa meya na kwa Bunge la jimbo. Itasomwa kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Usisaini usipoielewa. Usisaini juu rafiki yako amesaini. Uliza kwanza. Ukisaini, weka jina yako kamili, na ujue tutaipeleka kwa amani, mu mwangaza ya muchana, bila jiwe wala tusi, na tutaomba karatasi ya kupokelewa.

Na kesho, mutu yeyote akija mu komini yako, Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba, fasi yoyote, na kukuambia kazi zinakuja tukisamehe kodi, umuulize maulizo matatu tu: Ni feza ngapi? Ni kazi ngapi? Wasipotimiza, itakuwaje? Ukiuliza peke yako, watasema uko na kichwa ngumu. Tukiuliza sisi wote, watatafuta kalamu ili waandike majibu.

Yale majina yetu yangali kwenye ile karatasi ya mukutano, fasi fulani, mu ofisi fulani. Hatujaitwa. Tungali tunangojea simu, tuseme ukweli, na ikilia tutajibu. Lakini tutajibu na maulizo yetu mu mukono.

Barua iko pale mbele. Mwenye macho mazuri akuje atusomee.